Nyimbo Tatu Mlangoni kwa Mama Clotilde

Binti zangu wanatengeneza poncha-krem, kinywaji chetu cha Krismasi, kwa mashine ya umeme. Wanabonyeza, inanguruma, imekwisha. Siwalaumu, na kinywaji chao si kibaya. Lakini kila Majilio yakifika mimi hutoa kabatini upekecho wa mama mkwe wangu, kijiti chenye vidole vitano kilichokatwa mlimani hapa hapa Paramin, nikaushika tu viganjani, nikamkumbuka.

Mama Clotilde alikuwa mfupi, mkulima wa vitunguu majani kwenye mteremko ule ambao hata mbuzi hupumzika katikati. Mnywaji hakuwa. Krismasi alionja kiasi cha kidole kimoja, akajifuta mdomo kama aliyeiba. Hata hivyo watu walipanda kutoka chini Maraval kwa ajili ya glasi yake. Na vitu vyenyewe ni vya kila jiko: mayai, maziwa mazito ya kopo, ramu, ndimu, kungumanga. Hakupima kwa kikombe. Aliinamia bakuli, akafumba macho, akanusa, akaongeza ramu kidogo au matone mawili ya dawa chungu ya mitishamba kutoka kichupani, basi.

Nilipoolewa na mwanawe Anselm nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni ganda la ndimu. Unalichuna refu bila kulikata, unalitia kwenye mayai kabla hujapekecha. Ndilo linalokula shombo. Mayai yakishaumuka unalitoa, ndipo maziwa, ndipo ramu.

"Mayai bila ganda, mwanangu, ni sawa na kwenda misa na gauni limepasuka nyuma," alisema. "Wote wataona, na hakuna atakayekwambia."

Waimbaji wetu wa Krismasi walianzia msimu nyumbani kwake, Jumapili ya pili ya Majilio, baada ya misa. Kiongozi wao, Mzee Leoncio, alikunywa glasi ya kwanza, kisha papo hapo akaitungia nyumba ubeti. Ubeti huo uliimbwa mlima mzima mpaka sikukuu ya Mamajusi. Kuna mama mmoja kule bondeni aliimbiwa kwamba poncha yake ni maji ya mvua. Jumapili tatu hakuonekana kanisani. Lakini Mama Clotilde, miaka thelathini, alisifiwa tu. Hakuwa na kingine cha kujivunia, na wala hakukitafuta.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, Oktoba, homa ilimlaza wiki mbili. Akapona, Mungu ni mwema. Jumapili yenyewe ilipofika alitengeneza poncha peke yake kabla ya misa. Tuliporudi nikafunua bakuli ili nikwangulie kungumanga juu yake. Shombo likanipiga usoni. Kando ya sinki ganda la ndimu lilikuwa limelala, zima, kavu, bila tone la yai.

"Mama, umeinusa?"

"Nimeinusa. Iko sawa."

Kusema ni kumvunja, na kunyamaza ni kumwacha aaibike mbele ya watu. Nikaliokota lile ganda, nikaliweka mbele yake taratibu.

"Na hili, Mama, lilikuwa liende wapi?"

Alilitazama, akaketi.

"Tangu ile homa, Verna, sinusi kitu. Hata ubani kanisani. Nafuata mazoea tu."

"Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Clotilde bila pua ni nani?"

Kabla sijamjibu, kayamba zikalia nje. Kwa desturi yetu waimbaji huanza na wimbo wa kuomba mlango, na mwenye nyumba hafungui mpaka umalizike. Wimbo ni mmoja. Mama Clotilde akasimama. Akanipa upekecho.

"Mayai ya keki yapo sita, kopo lipo moja. Pekecha. Mlango niachie mimi."

Wimbo ukaisha. Nikamsikia akiita nyuma ya mlango, "Ni nani huko? Sijasikia vizuri!"

"Ni sisi, Mama Clotilde! Tumeleta habari za Bikira!" Ilikuwa sauti ya Leoncio.

"Habari njema hizo. Ziimbeni tena!"

Wakacheka, wakaimba. Mimi jikoni viganja vinawaka moto, lile ganda limo ndani ya mayai, napekecha na Salamu Maria mdomoni. Nikatoa ganda, nikatia maziwa, ramu, kungumanga, barafu iliyopondwa.

"Mama!" Leoncio akapaza sauti. "Mtoto Yesu atazaliwa sisi bado tuko nje!"

"Kwani yeye alipata nafasi ndani?"

"Koo zimekauka!"

"Imbeni basi, zilainike!"

Wakaanza wa tatu. Nikamnong'oneza, "Mama, matone mangapi?"

"Unaniuliza mimi? Pua unayo wewe."

Basi nikainama, nikafumba macho kama yeye.

Mlango ukafunguliwa. Leoncio akapokea glasi, akanywa, akaitazama. Watu kumi na wawili wakamtazama yeye.

"Mama Clotilde, ni tamu. Ila kungumanga imezidi kidogo. Mkono huu siujui."

Mama Clotilde angeweza kucheka tu, yakaisha. Nilimwona akishika aproni.

"Pua yako haikudanganyi, mzee," akasema. "Mkono ni wa Verna. Yangu imeondoka na homa."

Kisha Leoncio akagusa gitaa lake la nyuzi nne, akaimba kwamba nyumba ya Clotilde ina pua mbili, moja imelala, nyingine iko kazini. Kicheko kikavunja chumba, na aliyecheka zaidi ni Mama Clotilde mwenyewe, mpaka machozi. Nilipomrudishia upekecho aliufuta kwa aproni, akaniwekea tena mkononi. Bakuli la asubuhi tulilimwaga mgombani kesho yake, tukicheka kama wezi.

Aliishi miaka tisa zaidi. Kila Majilio mimi nilikuwa jikoni, yeye mlangoni, na hakufungua kabla ya wimbo wa tatu, ingawa poncha ilikuwa tayari kwenye barafu tangu asubuhi.

Leo waimbaji ni wajukuu wa Leoncio. Wanajua kwamba nyumba hii ni nyimbo tatu. Kwa nini, hawajui. Wa pili ukiisha, binti yangu huniambia, "Mama, fungua basi, jua linawachoma."

"Bado," namwambia, mkono wangu uko kwenye komeo. "Waimbe kidogo."