Msimu Tuliocheza Kimya

Sogea karibu, msikilizaji wangu, na utege sikio vizuri, kwa sababu ninachotaka kukusimulia hakikuwa na sauti. Ukipita leo karibu na kiwanja chochote ambako wasichana wanacheza netiboli, utawasikia kabla hujawaona. Wanaitana, wanakemeana, wanapiga makofi, wanataja majina. Si utundu huo, ndivyo mchezo ulivyo. Aliyeshika mpira haruhusiwi kutembea nao. Anasimama palepale alipoudakia, ana muda mfupi tu wa kuutoa, na mara nyingi amempa mgongo mwenzake aliye mahali pazuri. Kwa hiyo mwenzake humwita. Bila kuitana, timu ni kama watu wanaotafutana gizani. Nami nilicheza msimu mzima katika timu ambayo haikuitana hata mara moja, na hadi leo nikisikia harufu ya dagaa wanaokauka juani, masikio yangu ndiyo yanayokumbuka kwanza.

Mazoezi yetu yalikuwa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa pale Kigoma, pale pale dagaa wanapoanikwa. Asubuhi mchanga wote ulimetameta kama umemwagiwa vipande vya bati, na mama zetu walitembea wameinama wakigeuza dagaa kwa mifagio. Alasiri dagaa waliokauka wakishaingia kwenye magunia, mchanga uliachwa wazi na sisi tukaushika. Mpira wetu ulikuwa wa ngozi, umeshonwa na kushonwa tena na fundi viatu, na ulinuka dagaa kiasi kwamba kila tulipocheza ugenini wenyeji waliziba pua. Lakini mchanga ule ulikuwa mwalimu mzuri. Miguu ilizama, kila hatua ilikuwa kazi, na siku tuliyokanyaga kiwanja kigumu tulijiona tunaruka.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mtu wa Kigoma hahitaji maelezo, ila wewe uliye mbali nikufafanulie kidogo. Vita vilikuwa ng'ambo ya ziwa, Kongo, na maboti yaliyozoea kuleta mawese sasa yalileta watu, magodoro, masufuria na watoto waliolala kwa uchovu. Utaratibu ulikuwa kwamba mgeni anapelekwa kambini, bara kule upande wa Kasulu, na anayekutwa mjini bila kibali anapandishwa lori. Sisemi utaratibu ule ulikuwa mbaya, maana watu walikuwa wengi na mji ni mdogo. Nasema tu kwamba sisi watoto tuliyajua malori yale kwa mlio, na kila tulipoyasikia tuliangalia nani yuko karibu yetu.

Aliyekuwa karibu yangu mara nyingi ni Mapendo. Alikuwa wa umri wetu, kumi na minne hivi, na aliishi kwa mama yake mdogo aliyefanya biashara ya dagaa pale pale Kibirizi. Mwalimu Stella, aliyekuwa akitufundisha darasani na kiwanjani, alimkalisha kwenye dawati langu bila maswali mengi. Mapendo alivuka ziwa na watu wa kijijini kwao. Mama yake alibaki nyuma kumtafuta mdogo wake Mapendo wa kiume aliyepotea, na kabla boti halijasukumwa alimpa neno moja: wakutane Kibirizi. Jambo hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake kila siku. Aliwahi kuniambia tukiwa tumekaa juu ya magunia, akiangalia maji: "Mama alisema nimungoje hapa. Kama banipeleka ku kambi, atanikuta wapi?" Siku hizo hapakuwa na simu mfukoni. Kambini kulikuwa na maelfu ya watu na njia nyingi. Kibirizi kulikuwa na ufukwe mmoja.

Sasa, Mapendo huyo alikuwa mfungaji ambaye sijamwona mwingine. Aliinua mpira taratibu, kwa mkono mmoja, kama mtu anayeweka mtungi kwenye kata ya kichwani, kisha akauachia, na mpira ulipita katikati ya ringi bila kugusa chuma. Pamoja naye tungeweza kuchukua kombe la shule za mji. Bila yeye tulikuwa timu ya kukimbiakimbia tu. Lakini katika mechi yetu ya kwanza ya kirafiki, Katubuka, alifanya ambacho mchezaji yeyote angefanya. Aliita. "Lete kwa miye! Miye niko hapa!" Watazamaji wakaangua kicheko. "Huyo kashuka na boti la jana! Bado ana maji ya ziwa kichwani!" Ulikuwa utani, na hakuna aliyemchukia. Lakini chini ya mti, mwanamume aliyevaa sare ya mgambo aligeuza shingo, akatuangalia mmoja mmoja. Mwalimu Stella akamtoa Mapendo haraka, akidai ameumia mguu. Tulifungwa vibaya.

Kesho yake mchangani hatukugusa mpira. Nahodha wetu, Zawadi, binti wa mvuvi wa Bangwe, mlinzi mwenye viwiko vya kuogopwa, alikaa akachora mistari kwa kidole. Mapendo alisema atacheza bila kufungua mdomo. Zawadi akatikisa kichwa. "Ukinyamaza peke yako wataona. Watauliza, mbona huyu mmoja haongei?" Akafuta mistari yake. "Basi tunyamaze wote."

"Wote?" nikauliza. Mimi nilikuwa senta, na senta ndiye anayepiga kelele kuliko wote. "Zawadi, una wazimu? Nitampasia nani, upepo?"

"Utaangalia, Zubeda. Macho si unayo makubwa? Leo yafanye kazi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulijifunza kupiga paja: kofi moja maana yake nipe hapa hapa, makofi mawili maana yake tupa mbele nitaufuata. Tulijifunza kusoma mabega, kwa sababu bega hugeuka kabla mguu haujaenda. Siku za mwanzo tuligongana vichwa, na mpira uliangukia kwenye dagaa wa watu, wakatufukuza kwa mifagio. Mwalimu Stella alipotukuta alidhani tumegombana. Aliangalia kwa muda, macho yake yakatua kwa Mapendo, na akaelewa. "Basi iwe hivyo kila siku," alisema. "Hata mkiumia. Hata mkifunga. Siku ya mechi mtu hufanya alichozoea." Tangu hapo na yeye alikuwa akitufundisha kwa mikono.

Tukaanza kushinda. Mji mzima ukatupa jina: timu ya mabubu. Watoto walitufuata njiani wakipiga mapaja, na wanawake sokoni walituuliza kama tumekatazwa na mganga. Tulicheka. Lakini kila tuliposhinda, watu waliokuja kututazama walikuwa wengi zaidi, na kila jicho lililoongezeka liliongeza hofu yetu. Tulitaka kombe, na njia ya kwenda kwenye kombe ilimweka Mapendo mbele ya umati. Usiku wa kuamkia fainali mama yake mdogo alikuja nyumbani kwetu kumwomba mama yangu anieleze nimwache Mapendo abaki nyumbani, asicheze. Mapendo mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema amekuwa akingoja tangu afike, na kiwanjani ndipo mahali pekee ambapo hangoji.

Fainali ilichezwa Ujiji, kwenye kiwanja cha udongo kinachoteremka kidogo kuelekea ziwani. Nguzo za magoli zilikuwa mabomba ya chuma yaliyosimikwa kwenye ringi za gari zilizojazwa zege, si imara sana, lakini ndizo zilizokuwepo. Wapinzani wetu walikuwa wenyeji, na mlinzi wao aliitwa Mwajuma. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika. Alimganda Mapendo tangu filimbi ya kwanza. "Wewe bubu, ulimi wako umeula na dagaa? Sema hata hodi basi, unaingia kwenye goli la watu!" Umati ulicheka, ukampigia makofi, naye akazidisha. Mapendo aliangalia ringi tu. Alifunga. Mwajuma akadaka, akatoa. Tulifungana hivyo, mmoja mmoja, na hakuna aliyemwacha mwenzake. Nilipoinua macho kutafuta pa kupasia nilimwona mgambo yule wa Katubuka amesimama nyuma ya mstari, mikono imefungwa kifuani. Nikapiga paja, na kofi lenyewe lilisikika mbali.

Kipindi cha mwisho wingu lilishuka kutoka milimani, na upepo ukatangulia, ule wa ghafla unaowafanya akina mama wa Kibirizi watupe kila kitu wakimbilie dagaa. Vumbi likapanda. Mimi niliona mpira. Mapendo, aliyekuwa anaelekea golini, aliona nguzo. Bomba lilikuwa limeanza kuinama, ringi ya gari imenyanyuka upande mmoja, na Mwajuma alikuwa amesimama chini yake, ameipa mgongo, mikono juu, akimzuia na kumtania.

"Toka!" Mapendo alipiga kelele. "Toka, iko naanguka! Iko naanguka!"

Mwajuma aliruka pembeni. Chuma kikapiga udongo pale miguu yake ilipokuwa, kwa mshindo tulioupokea kwenye nyayo. Kisha kikaja kimya ambacho hakikuwa chetu. Kila mtu alikuwa ameisikia sauti ile, na hakuna mtu wa Kigoma asiyejua imetoka upande gani wa ziwa. Mgambo alivuka mstari. Hakukimbia. Alitembea kama mtu mwenye hakika.

"Nani kapiga kelele hapa?"

Zawadi alinishika mkono hadi kucha zikaingia. Mapendo alikuwa amesimama, midomo imebana, na nikaona ameangalia kando, kule ziwani, si kwa mgambo. Nilijua anaaga.

"Mimi," akasema Mwajuma, akasogea mbele.

"Wewe? Unaongea hivyo?"

"Bibi yangu katoka ng'ambo kabla mama hajazaliwa, Afande. Nyumbani ndivyo tunavyoongea. Nikishtuka inatoka yenyewe."

Mgambo alitazama nguzo, akamtazama yeye. "Na ulikuwa unajiambia mwenyewe utoke?"

Hapo nilidhani tumekwisha. Lakini Mwajuma alishika kiuno. "Nilikuwa namwambia huyu! Si bubu huyu? Nimwache aangukiwe kwa sababu hana ulimi? Waulize watu, Afande, timu nzima mabubu hao."

"Mabubu!" umati ukaitikia kwa furaha. Mtu akapiga paja, mwingine akafuata, na mara kiwanja kizima kilikuwa kinapiga mapaja na kucheka, huku mvua ikianza kudondoka matone makubwa. Refa akapuliza filimbi kuita watu wasaidie kusimika nguzo. Mgambo alibaki amesimama kidogo. Sijui aliamini nini. Huenda hakuamini chochote. Alivuta kofia yake, akaenda kujikinga mvua.

Utaniuliza kama tulishinda. Hapana. Nguzo iliposimikwa, Mwajuma alirudi kumganda Mapendo vilevile, bila huruma hata chembe, na mpira wa mwisho wa Mapendo ulizunguka ringi ukatoka nje. Tulifungwa kwa tofauti ya goli moja. Tulipopeana mikono, Mwajuma aliushika wa Mapendo akamwinamia sikioni, nami nilisikia kwa sababu nilikuwa nyuma yao. "Una mkono mzuri, dada. Siku moja nataka nikusikie ukiongea mpaka uchoke."

Mama yake Mapendo alifika mvua zilipokuwa zinakwisha. Alishuka kwenye boti akiwa na yule mtoto wa kiume aliyekuwa akimtafuta, amembeba mgongoni, akasimama kwenye mchanga wa Kibirizi katikati ya dagaa, akauliza mtu wa kwanza aliyemwona, na huyo mtu alikuwa anamjua Mapendo. Basi. Siku chache baadaye walikwenda wenyewe kujiandikisha, wakapanda lile lori tulilokuwa tunaliogopa. Tulikwenda kuwaaga. Lori lilipoanza kuondoka Mapendo alisimama, akashika ubao, na kwa mara ya kwanza akatuita kwa majina. Zawadi! Zubeda! Alituita wote, jina baada ya jina, kwa sauti iliyowafanya watu watoke madukani. "Na Mwajuma wa Ujiji! Mumuambie nimemuita!" Alikuwa bado anaita lori lilipopotea kwenye kona. Sisi, kwa mazoea, tulimjibu kwa kupiga mapaja, kisha Zawadi akaanza kulia, na hapo ndipo tulipopata sauti.

Siku hizi Mapendo anaishi kwao, ng'ambo, na hunitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, mrefu hadi chai yangu inapoa. Nami nawafundisha wasichana netiboli Katubuka. Wana kiwanja cha saruji, raba miguuni na nguzo zilizochimbiwa chini, ambazo hata hivyo nazitikisa kila siku kabla ya kuanza. Hakuna lori linalowatafuta. Lakini mara nyingi nawakuta wanacheza kimya kwa aibu tu, wakiogopa kuchekwa lafudhi, Kiha kikichungulia, au Kirundi cha bibi. Ndipo nasimamisha mchezo, nawakalisha chini, nawasimulia haya niliyokusimulia wewe. Sisi tulinyamaza kwa sababu sauti ingempotezea mwenzetu mama yake. Wao hawana sababu hiyo, na wewe pia huna. Kwa hiyo jioni hii, ukishika mpira, inua kichwa, mtafute mwenzako, mwite kwa jina lake kwa sauti, kisha umrushie.