Printa ya Wageni

Ukitaka kumwona Yustina anacheka, mpe kitu cha kuchapa. Mimi ni jirani yake hapa Wazo, tumetenganishwa na ukuta wa tofali tu, na mchana nikiwa uani nafua nasikia vidole vyake kwenye kompyuta kama mvua kwenye bati. Barua za kuomba kazi, risala za harusi, katiba za vikundi vya akina mama, mtaa mzima ukikwama unakwenda kwake. Akimaliza anaiweka kazi kwenye flashi, na mwenye shida anatembea juani hadi stendi kwenda kuprinti. Na nyumbani kwa Yustina printa ipo. Hapo ndipo damu yangu inapochemka, nitajitahidi nisitukane.

Kwao ni Ndanda. Alisomea ukatibu muhtasi, akapata kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, akaolewa na Albano, akamzaa Jenipher. Albano akamwambia aache kazi kwanza, mtoto akue. Mtoto akakua, akasoma, akaolewa Dodoma, na suala la kazi halikuzungumzwa tena. Albano ni msimamizi wa malori ya saruji. Si mlevi, hapigi mke, chakula hakikosekani, kwa hiyo nikimsema watu wananishangaa. Lakini wao hawamsikii Yustina asubuhi. Mwanamke mwenye cheti chake anaomba hela ya chumvi kwa sauti ya mtoto aliyevunja glasi.

Kompyuta na printa vililetwa na Benjamin, mdogo wake Albano, anayefanya kazi melini. Siku ile tulialikwa, tukanywa soda, mwenyekiti wa jumuiya akasali. Benjamin akafungua boksi, akamimina wino kwenye vitangi vyake, akaunganisha waya, akasema mbele yetu wote, "Shemeji, hii ndiyo ofisi yako. Weka kibao pale nje, upige kazi." Yustina akajifuta macho kwa kanga. Kisha akaprinti karatasi ya kwanza kutoka kwenye laptop yake mwenyewe, picha ya Albano amevaa suti, rangi zimekolea kwelikweli. Tulipiga makofi. Picha ile ikatiwa fremu.

Benjamin aliporudi melini, printa ikaingia kwenye kabati la vyombo vya wageni.

Kabati hilo mnalijua. Glasi ambazo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuzinywea, sahani za maua, chupa ya chai ambayo bado ina karatasi ya dukani. Mimi pia ninalo, sijidai mzungu. Lakini Albano alitoa sahani kwenye rafu ya katikati, akairudishia printa nailoni yake, akaifunika kitambaa cha kufuma, na waya wa umeme akaufungia kwenye kabati la nguo ambalo funguo zake anatembea nazo. Kompyuta ikaachwa nje, maana hiyo anaangalizia mpira. Mgeni akija, kabla hajaulizwa hali, kitambaa kinafunuliwa. "Ya nje hiyo, si ya Kariakoo. Kaleta mdogo wangu."

Yustina aliomba. Aliomba kwa upole, aliomba kwa kununa, kuna wakati alimtuma hata padre akamwombee.

"Baba Jenipher, nipe waya niprinti kazi za watu. Hata mbili tatu."

"Uitie vumbi? Kitu kizima kama kile uwape watu wa mtaani wakichezee? Nunua ya kwako basi."

Anunue kwa hela ya chumvi! Nilikuwa nikisikia hayo kupitia dirishani natamani nipande ukuta. Ikapita Krismasi, ikapita nyingine, Yustina akaacha kuomba. Alivyoacha kuomba iliniuma kuliko alivyokuwa akiomba.

Halafu akaja Mwalimu Nusaiba, mwenye shule ile mpya ya awali na msingi huku kwetu. Alikuwa na tatizo la mitihani. Kila akiipeleka steshenari ya stendi, maswali yanafika mtaani kabla watoto hawajayaona, maana pale kila anayekuja kutoa kopi anachungulia. Alitaka mtu mmoja mwaminifu, anayechapa na kuprinti ndani kwake. Nikampeleka kwa Yustina mimi mwenyewe, siku ya Jumapili, nikijua kabisa Albano yupo na ana wageni kutoka kazini.

Nusaiba akaeleza shida yake. Nikasema kwa sauti, "Si printa ipo hapo kabatini?" Wageni wote wakageuka. Ulitaka Albano aseme nini? Kifua kikamjaa.

"Mashine ipo, Mwalimu. Tena ya nje. Mke wangu atakufanyia."

"Basi mitihani ya muhula huu iwe ya majaribio," Nusaiba akasema. "Jumamosi nakuja kuichukua. Ikitoka vizuri, kazi ya shule yote ni yako, Mama Jenipher, mwaka mzima."

Yustina alinisindikiza hadi getini akanikumbatia. Wiki ile alichapa mitihani ya madarasa yote, akairudia kuisoma. Akaninong'oneza ukutani kwamba akilipwa mara ya kwanza hatanunua kitu. Atakaa na hizo hela tu mkononi.

Jumamosi asubuhi Albano akatoa waya. Nilikuwepo, niliitwa kwa ajili ya bando. Printa ile ilikuja na sidii ya kuiunganisha, na kompyuta haina pa kuiingiza, kwa hiyo programu yake, ile mafundi wanaiita draiva, ilibidi tuivute mtandaoni kwa simu yangu. Ikaja polepole, ikakwama, ikaja. Yustina akaunganisha waya wa kutoka kwenye printa. Kompyuta ikasema haioni printa yoyote. Akachomoa, akachomeka tundu jingine, akazima, akawasha. Jasho lilikuwa linamtiririka na feni inazunguka. Mara akaruka kwenye kiti.

"Mama Nurdin, imeiona! Jina lake hili hapa!"

Tukashikana mikono kama watoto. Akaweka karatasi, akabonyeza kuprinti karatasi ya majaribio. Mashine ikaguna, ikavuta karatasi, ikaitema upande wa pili.

Nyeupe.

Akaigeuza, labda nyuma. Nyeupe. Akaprinti ukurasa wa kwanza wa hisabati, darasa la tatu. Mweupe. Kwenye kompyuta kuna sehemu ya kusafisha njia za wino, akaibonyeza, mashine ikalia muda mrefu, ikatoa karatasi yenye mistari miwili ya njano iliyofifia. Akaibonyeza tena. Ule mmoja ukapotea.

"Umebonyeza nini?" Albano akauliza kutoka kwenye kochi.

"Sijabonyeza kitu."

"Umebonyeza kitu wewe."

Nikampigia Farhan, fundi wa kompyuta wa Tegeta. Akaja, akamwamkia Albano shikamoo, akafungua mfuniko, akachungulia na tochi ya simu. Akachovya pamba kwenye dawa yake, akapaka kile kichwa kinachotoa wino, wao wanakiita hedi, akangoja, akajaribu. Akatikisa kichwa.

"Hii ilitumika lini mara ya mwisho?"

"Haijatumika," Albano akasema kwa fahari. "Mpya kabisa hiyo. Ilitoa picha moja tu, ile pale ukutani."

"Ndo ishu yenyewe hiyo, mzee. Ikishatiwa wino inatakiwa ipige kazi, hata karatasi moja kwa wiki. Ikikaa, wino unagandia ndani. Hii hedi imekufa, na ya aina hii hapa mjini sijawahi kuiona."

Nilimtazama Albano nikitegemea ataona haya. Alikuwa anavuta kitambaa cha kufuma, anakikunja. Yustina alibaki amekaa mbele ya kompyuta, mitihani yote imo humo, imepangwa, haina kosa hata moja, na hakuna namna ya kuitoa kwenye karatasi.

Farhan alikuwa bado anavaa viatu barazani Nusaiba alipobisha hodi. Yustina akasimama, akafungua mdomo. Albano akamuwahi.

"Mwalimu, utusamehe. Mke wangu kaiharibu mashine. Nilimkataza siku zote asiiguse, sasa unaona. Wanawake na mitambo, unajua tena."

"Shemeji, muogope Mungu!" nikasema. "Fundi kasema hapa hapa—"

Yustina akanishika mkono. "Yaishe, Mama Nurdin," akasema, bila kunitazama. Akaiweka mitihani yote kwenye flashi, akampa Nusaiba, akamwambia pale stendi wasimamie wenyewe mpaka karatasi ya mwisho. Nusaiba akasema pole. Akaaga akiwa ameinamisha kichwa, na kazi yake ikaenda naye.

Kabla ya wiki kwisha, jumuiya nzima ilishajua Yustina kaua printa ya shemeji yake. Wengine walimwambia usoni, kwa utani. Alicheka nao. Mie nilikuwa nakwenda nyumba kwa nyumba nawaeleza alichosema Farhan, wananisikiliza kisha wananiambia nina hasira sana siku hizi. Ninayo.

Benjamin alipiga simu Jumapili, majirani kadhaa tukiwa kwao, meli yake imetia nanga Mombasa. Albano akaweka sauti kubwa sote tusikie. Akamsimulia vile vile alivyomsimulia mwalimu.

"Haina shida, kaka," Benjamin akasema. "Mwambie shemeji asijali, kujifunza ndo huko. Nikija Disemba namletea nyingine, kubwa zaidi."

Yustina alikuwa anatutengea chai. Mkono ukasimama, akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile niliyaona macho yake yana uhai.

"Lete, mdogo wangu, lete," Albano akasema. "Ila safari hii naitafutia kabati la kioo lenye kufuli, asiiguse mtu."

Yustina akamimina chai ya mumewe kwanza, akatia sukari, akakoroga.