Walivyoikata Sauti ya Dada

Mwezi uliopita redio ilifanya kipindi cha kumbukumbu. Walikuwa wanamuenzi mtangazaji wa zamani aliyefariki, mtu wa pwani ambaye sauti yake tunaijua sisi sote tuliokuwa watu wazima wakati wa Mwingereza. Wakasifu Kiswahili chake, wakasifu kicheko chake, kisha wakasema watatusikilizisha kipande cha safari zake za majimboni. Nikamsikia dada yangu. Dada amekufa siku nyingi, na pale mezani kwangu, kati ya kikombe cha chai na miwani, akasema: "Namshukuru Bwana Shamba. Matuta yamefaa." Basi. Muziki ukaingia.

Niliizima redio kwa nguvu mpaka kitufe kikabaki mkononi. Mjukuu wangu akaniuliza kulikoni, sikuweza kumjibu. Namjibu hapa.

Dada hakusema maneno hayo tu. Alizungumza dakika kumi nzima na zaidi, nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Alikuwa mjane. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ndiye aliyelima kahawa nikapata kusoma mpaka nikawa mwalimu. Shamba lake lilikuwa mlimani, upande wa juu wa Vwawa: kahawa chini, ulezi na maharage juu. Ikaja amri ya matuta. Kila mtu achimbe matuta ya kukata mteremko, yapimwe kwa kamba, na asiyechimba apelekwe barazani. Walitaka kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kule bondeni, ambako ardhi imelala, matuta yalizuia. Kwetu mlimani yalikusanya maji mpaka yakapasuka, na yalipopasuka yalishuka na shamba zima. Ulezi wa dada uliondoka alasiri moja. Alisimama mlangoni akiuangalia unavyokwenda mtoni na udongo wake.

Jirani yake, mwanamke aliyekuwa kama pacha wake, alipatwa na makubwa zaidi. Mumewe alikataa kuchimba mara ya pili, akafungwa. Mke akaachiwa sehemu mbili za kuchimba, naye ana mtoto mgongoni. Hapo ndipo wanawake wa mlimani walipokutana wakamchagua dada awasemee. Alikwenda barazani mara tatu. Bwana Shamba, Mzungu mrefu mwenye haraka, alimsikiliza mara zote tatu huku akifunga kamba za viatu vyake.

Mimi wakati huo nilikuwa mtu wa redio. Shemeji yetu aliyefanya kazi kwenye migodi ya shaba alikuja nayo kupitia Tunduma, ya bati jeupe, mviringo kama sufuria, na betri yake nzito kuliko yenyewe. Niliiweka dirishani mwa darasa, na watu walijaa uani kila Jumamosi mchana. Huyo mtangazaji wa pwani nilimpenda kupita kiasi. Kwetu Kiswahili tunakisema juu ya Kinyiha, kinatoka na vigingi vyake. Cha kwake kiliteleza. Nilijifunza kusema kama yeye, nikawafundisha wanafunzi kusema kama yeye.

Gari la redio lilipofika kwetu, kijani, na bomba la kipaza sauti juu ya paa, nilikimbia kama mwehu. Akashuka mtu mfupi, mwembamba, mwenye kikohozi, akasema "Hamjambo wananchi," na uwanja mzima ukapiga kelele kwa furaha. Alikuja na fundi wa Kizungu mwenye mashine ya utepe. Walitaka mkulima azungumze. Nikamtaja dada.

Jioni ile nilikwenda kwake. Alikuwa anapepeta maharage.

"Nitasema Kinyiha, wewe utafsiri?" aliniuliza.

"Wanataka hivyo."

Akafikiri. "Hapana. Nitasema Kiswahili mwenyewe, kibovu hivyo hivyo. Mkalimani anaweza kuongopa, hata akiwa mdogo wangu."

"Sawa, dada. Lakini mashine haisemi uongo. Inachukua kila neno."

Hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu. Tena niliyarudia kesho yake mbele ya wanawake waliokuja kumsindikiza, kwa sauti ya kimwalimu, wakatikisa vichwa wakaridhika.

Alizungumza akiwa amesimama, mikono nyuma. Alianza kwa adabu, kama mtu yeyote aliyelelewa. Alisema, "Namshukuru Bwana Shamba kwa miche ya kahawa aliyotuletea." Kisha: "Matuta yamefaa kule bondeni, sikatai. Kwetu mlimani yameua mashamba." Akaeleza maji yalivyopasua. Akamtaja jirani aliyekuwa anachimba na mtoto mgongoni, na mume aliyefungwa. Akasema babu zetu walikuwa wanapanga majani na mawe kwenye mteremko, na kwamba yuko tayari kumwonyesha Bwana Shamba, aje tu na viatu vigumu. Watu walicheka. Mtangazaji naye alicheka, kicheko chake kile kile. Dada alipomaliza, mtangazaji alimshika mkono kwa mikono miwili akamwambia, "Mama, umesema."

Tulisubiri wiki tano. Jumamosi ya siku yenyewe uwanja wa shule ulifurika. Jumbe, mkuu wa serikali pale kwetu, alikuja na kiti chake, na msaidizi wa Bwana Shamba akakaa pembeni yake. Dada alivaa kitenge chake cha kanisani. Sauti yake ilipotoka kwenye bati lile wanawake walipiga vigelegele, na vigelegele vilikuwa havijaisha, yeye alikuwa ameshamaliza. "Namshukuru Bwana Shamba. Matuta yamefaa." Halafu sauti ya mtangazaji ikaja, laini kama kawaida: "Huyo ni mama mkulima wa nyanda za juu, ambaye ameyapokea matuta kwa moyo mmoja."

Jumbe akapiga makofi. Msaidizi wa Bwana Shamba akapiga makofi.

Dada alinigeukia. Alinitazama, na nilijua anachongoja. Anangoja nisimame niseme: mimi nilikuwepo, hayo siyo aliyoyasema. Wanafunzi wangu walikuwepo. Jumbe alikuwepo pia, na kazi yangu ya ualimu ilikuwa mikononi mwa watu wanaomsikiliza jumbe. Niliinama nikajifanya natengeneza waya wa betri.

Jirani yake aliinuka, mtoto mgongoni. "Mume wangu yuko jela," alimwambia dada, "na wewe unashukuru."

"Sikusema hivyo."

"Nimesikia sauti yako kwa masikio yangu."

Wakatawanyika. Jumatatu nilipata ujasiri uliochelewa, nikapita nyumba kwa nyumba nikieleza. Mwanamke mmoja akanijibu kwa upole, na upole wake uliniuma zaidi: "Mwalimu, si wewe uliyetuambia mashine haisemi uongo?" Msimu ule dada alichuma kahawa peke yake. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye na kitabu chake cha nyimbo.

Niliandika barua kwa wenye redio, kurasa nne, Kiswahili kile nilichojifunza kwao. Ikarudi kadi iliyopigwa chapa: tunakushukuru kwa kutusikiliza. Niliichana vipande vidogo nikavikanyaga, kana kwamba kadi ina mifupa.

Miezi ikapita, tukasikia gari la redio litakuwa Tunduma siku ya soko. Dada alifunga kitenge, akasema tunakwenda. Tulipanda lori la maharage alfajiri. Tulimkuta mtangazaji kwenye mgahawa mpakani, sahani ya wali mbele yake, na wachuuzi wa ng'ambo wanamwita kwa Kibemba apige muziki. Alimtambua dada mara moja. Nililiona hilo usoni mwake.

"Karibu mama, keti."

"Sitaketi. Maneno yangu yako wapi?"

Aliweka kijiko chini. "Mama, mimi nilipeleka utepe mzima. Huko kuna wenye kazi yao. Wana wembe, wanakata, wanaunga kwa gundi. Uliporudi kwangu ulikuwa mfupi."

"Na aliyesema nimeyapokea kwa moyo mmoja, ni wembe?"

Akaisukuma sahani pembeni.

"Nakuuliza wewe. Ni nani?"

"Ni mimi. Niliandikiwa, nikasoma. Nina watoto, mama."

"Hata mwenzangu anayelala njaa kwa ajili yako ana watoto," dada alisema. Alikuwa anamsema jirani yake. "Utawaambia hawa watu leo. Wanawake wa kwetu wako sokoni hapa wanauza ulezi. Utawaambia ulivyosema uongo."

"Siwezi. Nitafukuzwa."

Nilitaka kumpiga. Niliitazama shingo yake nyembamba, lile koo nililoliabudu miaka miwili, nikatamani kulikaba. Ilibidi nishike meza.

Mchana alipanda ngazi ya gari, akaanza kusema juu ya matuta, jinsi wakulima wa milimani wanavyoyasifu. Hakutazama upande wetu. Dada akasogea mpaka kwenye ngazi. "Mimi ndiye wanayesema ninasifu!" alipaza sauti. "Nisikilizeni mimi!" Dada alikuwa na sauti ya kuitana kutoka mlima hadi mlima. Fundi wa Kizungu akaweka sahani ya santuri, akaifungulia mpaka mwisho, muziki wa dansi ukamfunika. Dada hakunyamaza. Mdomo unakwenda, mishipa ya shingo imesimama, na sisi tunasikia tarumbeta.

Ndipo nilipomwona jirani yake akipasua umati, kapu la ulezi kichwani. Alilitua. Akapanda ngazi ile ile, akaingia garini, na muziki ukakatika kwa mkwaruzo mkubwa. Alitoka na santuri mkononi.

"Sema tena," alimwambia dada. "Hatukusikia."

Dada akayasema yote, tangu miche ya kahawa mpaka viatu vigumu. Wachuuzi walitafsiriana Kinamwanga na Kibemba. Nami safari hii nilipanda juu nikasema: nilikuwepo, ndivyo alivyosema mara ya kwanza, hawa wameikata sauti yake. Mtangazaji alikaa kwenye usukani, akafunga kioo.

Askari walitushusha. Dada na jirani yake walilala mahabusu siku mbili, kwenye mkeka mmoja. Mimi niliitwa bomani nikaambiwa kuna shule Ikinga, milimani Ileje, inahitaji mwalimu, na lori linaondoka Ijumaa. Mume wa jirani alitoka jela kabla ya mvua. Miaka michache baadaye amri ya matuta iliachwa kimya kimya, na redio haikusema lolote. Mtangazaji aliendelea na kazi, akazidi kupendwa, na sasa wanamwita mwalimu wa Kiswahili wa taifa. Kwenye kipindi kile cha kumbukumbu hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mama alikuwa nani.

Ijumaa ile dada alinisindikiza, amebeba godoro langu kichwani. Nilianza kuwatukana njiani: fundi, wembe, yule mfupi wa pwani. Aliniacha nikatukana mpaka tukalifikia lori. Kisha akatua godoro.

"Yule simjui," alisema. "Hakunyonya ziwa nililonyonya mimi. Siku ile shuleni nilikutazama wewe, na wewe ukashika waya."

"Dada, nisamehe. Jumbe alikuwa..."

"Nilimwona jumbe."

Dereva akapiga honi. Nilimshika mkono, naye akauacha mkono wake katika wangu bila kuukaza.

"Panda," akasema. "Gari linaondoka."