Deraya ya Ukili

Mwezi uliopita nilikwenda Mbwara kufungua nyumba ya marehemu bibi yangu, nikamkuta kuku wa jirani ametaga ndani ya kofia yangu ya anga, juu ya uchaga. Mayai saba. Nilipomsogelea alinikodolea macho, nami nikarudi nyuma kwa adabu, maana kwa hesabu ya miaka yeye ndiye mwenyeji. Pembeni yake, kwenye uchaga ule ule, ilikuwapo deraya yenyewe, vazi langu la vita: kifua, mabega na mguu mmoja wa kushoto, vumbi tupu. Nikakaa chini nikacheka peke yangu. Wewe usicheke lakini. Mtu wa kwanza kutoka Mbwara kukanyaga mwezi ni mimi, na sitaki ubishi.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa sayansi, mtu wa bara ambaye joto letu lilimwonea tangu siku aliyofika, alitunga igizo la kuchezwa kwenye mahafali ya darasa la saba. Katika igizo hilo watu wa Rufiji wamehamia mwezini na wanalima mpunga huko, lakini nguruwe wa chuma wanauvamia. Ndiyo, hata mwezini nguruwe hawakutuacha. Basi yuko mlinzi mmoja, amevaa deraya mwili mzima, analinda shamba akiwa juu ya dungu kama tulivyozoea kulinda huku kwetu. Mwishoni anawafukuza nguruwe, anainama, anachuma suke la kwanza la mpunga na kuwaonyesha watu.

Nafasi ile niliitaka kuliko nguo ya Idi. Nilikuwa mdogo wa umbo, na katika kila igizo la shule nilikuwa mti, au mtoto anayelia. Kwa hiyo mwalimu alipouliza nani ataweza kujitengenezea deraya, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Kaka mkuu wa shule naye akanyoosha wake, taratibu, kwa sababu alishazoea kupewa. Mwalimu akasema deraya itakayotembea, kukimbia na kuinama ndiyo itakayopanda jukwaani.

Kwenye duka moja la Ikwiriri alikuwapo mzee wa Kihindi aliyekuwa akinunua mikeka ya bibi. Nilipomweleza shida yangu alinipa madumu ya njano ya mafuta ya kula, yale yaliyopasuka shingo. "Beba yote, binti," akasema. "Ukifika huko mwezini uangalie dukani kwao kumepungua nini, uje uniambie." Niliyabeba kichwani nikiwa nimeyafunga kwa kamba, na njia nzima yalikuwa yakigongana na kuwatangazia watu kwamba napita.

Nikawasha moto nyuma ya jiko, nikapasha kisu, nikakata. Nikapasha msumari, nikatoboa. Harufu ya plastiki iliyoungua ikaingia kwenye wali, na bibi akala akiwa amekunja uso lakini hakunikataza. Kofia niliikata kwenye dumu kubwa, na ndani yake nikashona kata ya kitambaa, ile ile ya kubebea ndoo, ili isinichezee kichwani. Kipande cha chupa ya maji kikawa kioo cha mbele. Niliona nimemaliza, na nilijiona sana.

Siku ya mazoezi ya kwanza nilitembea vizuri. Nilikimbia, nikasikika mpaka barabarani. Kisha mwalimu akasema, "Haya, chuma suke." Nikainama, au nilijaribu. Dumu la kifua likanisukuma kidevu, la tumbo likapasuka kwa kishindo, nami nikaanguka kifudifudi shambani mwezini. Kaka mkuu, akiwa ndani ya maboksi yake aliyopaka rangi ya fedha, aliinama mara tatu mfululizo bila hata kuombwa. Mwalimu akanipa wiki moja ya mwisho.

Nilirudi nyumbani nikalia, na sioni haya kukuambia. Bibi alikuwa kibarazani akisuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu ambao baadaye hushonwa duara kwa duara ukawa mkeka. Sikumbuki kuviona vidole vyake vikiwa vitupu. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu wake wa kike.

"Mke mwenzangu, nani amekupiga?"

Nikamwambia hakuna aliyenipiga, ni kuinama tu kumenishinda.

Akainuka. Akaenda kwa jirani yetu aliyekuwa akileta kaa kutoka deltani kwa ajili ya wanunuzi, akarudi na mmoja aliyefungwa miguu kwa kamba. Nyumbani kwetu hatukula kaa, kwa hiyo nilishangaa. Akamweka mkekani, akamgusa mgongo kwa ncha ya shazia, sindano yake ya kushonea mikeka.

"Hapa pagumu?"

"Pagumu."

Akagusa pale mguu unapokunjika. "Na hapa?"

"Palaini."

"Basi. Huyu hajavaa gamba moja, kavaa mengi. Panapopigwa pagumu, panapokunjika palaini. We umejivika debe."

Tulikata madumu upya, vipande vidogo vidogo, na kila palipokunjika mwili tukaunganisha kwa ukili: kiunoni, mabegani, magotini. Bibi alilowanisha ukindu kama alivyofanya maisha yake yote, ili usivunjike mkononi, akaushona ukiwa mbichi. Deraya ikanikaa mwilini. Kwenye mazoezi ya mwisho niliinama mpaka nikagusa ardhi kwa viganja, na mwalimu akapiga makofi peke yake kama watu kumi. Nafasi ikawa yangu. Kaka mkuu akaambiwa akae tayari na maboksi yake, endapo nitashindwa.

Nilimwomba bibi aje kuniona. Akakataa. "Shule ina wenyewe," akasema. Hakuwahi kusoma, na aliamini kwamba mikono kama yake haina la kufanya pale. Hilo liliniuma kuliko kaka mkuu kuinama mara tatu. Nilitaka aone watu wakiitazama kazi yake ikiwa imesimama, maana kazi yake yote ilikuwa ya kukaliwa na kukanyagwa.

Asubuhi ya mahafali aliulowanisha ukili kwa mara nyingine, akanivika, akanishona ubavuni nikiwa ndani. Nikaenda shule nikinukia ukindu mbichi. Igizo lilikuwa la saa nne. Lakini mgeni rasmi, wewe mwenyewe unawajua wageni rasmi. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Tulikaa kwenye viti juani, jasho likinitiririka, ngoma ikapigwa ikachoka. Alipofika alihutubia kuhusu elimu mpaka pilau lilipoanza kunukia kutoka nyuma ya madarasa, na hotuba haikuisha.

Kosa letu lilikuwa la wasuka mikeka. Ukili uliolowa ukikauka hunywea na kukakamaa. Mkeka ukinywea upana wa kidole, nani atajua? Umelala chini. Lakini mkeka haukuwahi kuvaliwa na mtu. Nilipoitwa jukwaani nilikuwa nimebanwa kama niliyekumbatiwa na mjomba, pumzi inaingia nusu. Niliwafukuza nguruwe kwa sauti zaidi kuliko kwa miguu. Kisha ukaja wakati wa suke. Nikainama. Kiuno kikagoma. Nikajaribu tena, kikagoma tena, na watu wakaanza kunong'ona. Kwa pembeni nikamwona kaka mkuu akivaa kofia yake ya boksi.

Hapo ndipo nilipomwona bibi. Alikuwa amekuja kumbe, amejificha kwa akina mama waliokuwa wakipika. Alitoka nyuma ya madarasa na ndoo ya maji, khanga imefungwa kiunoni, akapita mbele ya mgeni rasmi bila kumtazama, akapanda jukwaani.

"Bibi, igizo linaendelea," mwalimu akanong'ona.

"Na mimi nimo," akajibu.

Akanimwagia ndoo nzima, kuanzia mabegani. Watu wakapiga ukelele. Maji yakatapakaa mwezini, na kaka mkuu na maboksi yake akaruka mbali kuyakwepa. Bibi akasimama ananitazama, shingo ameinamisha kama anayesubiri chai iive. Nikasikia ukili ukilegea, kwanza begani, kisha kiunoni. Nikavuta pumzi nzima. Nikainama, nikachuma suke, nikalinyanyua.

Kelele za siku ile sijawahi kuzisikia tena popote. Mgeni rasmi alidhani mvua ya mwezini ni sehemu ya igizo, akaisifu. Mwalimu akamshika bibi mkono, akamgeuza awatazame watu, na wiki iliyofuata alimwita kuwafundisha darasa zima kusuka. Akaenda. Akajidai kwamba amekubali kwa sababu ya chai ya walimu tu.

Siku hizi Mbwara mikeka mingi ni ya plastiki, ya kununua, haijui maji wala jua. Kibaraza cha bibi kimeporomoka upande mmoja. Hakuna anayeniita mke mwenzangu, na sijazoea.

Nilimwachia kuku kofia. Kifua nikakitoa uani, nikakimwagia maji ili kukiondolea vumbi. Ukili ukalegea mikononi mwangu, na harufu ikarudi, ile ile. Ndipo vidole vyangu vikagusa unene kwenye mshono wa ubavuni. Nikafumua nyuzi mbili. Ndani mlikuwa mmekunjwa ukili wa ziada, upana wa kiganja, pande zote mbili, kama pindo la sare ambalo mzazi huliacha ili mtoto akikua lishushwe. Hakuwahi kuniambia. Igizo lilikuwa la siku moja, lakini yeye alinishonea nguo ya kukulia.

Nikafumua nyuzi zote, nikaivaa deraya yangu pale pale uani. Nimebaki mdogo wa umbo, ilikaribia kunienea. Ilinibana kidogo tu kifuani. Nikachota maji tena.