Kuonja si Kula

Mwoka keki wa mtaani kwetu hajawahi kujua kutulia, lakini wiki ile alizidi. Kaka yake alikuwa amekatwa mguu kwa kisukari, na sasa wahudumu wa afya walitangaza kupima presha na sukari bure kwenye ukumbi wa shule. Aliogopa kwenda, akaogopa kutokwenda. Nikamwambia nitamsindikiza. Tumetoka mbali, tangu tanuri la kuni, enzi ambazo mtu alijua moto kwa ngozi ya mkono wake.

Tulitakiwa tusile kitu tangu jioni. Alikuja alfajiri moja kwa moja kutoka kazini, akakaa benchi, akainuka, akachungulia mlango, akakaa tena. Mama muuza mkaa aliyekuwa nyuma yetu akamuuliza, "Shemeji, hilo benchi lina misumari?" Watu wakacheka. Yeye wapi.

Presha ilikuwa afadhali. Sukari ikatoka juu sana. Muuguzi akamuuliza kama amekula, akaapa hajatia kitu tumboni. Akaambiwa aende hospitali. Alitoka nje akawa anazunguka uwanja, anautazama mguu wake kama mtu anayemuaga mgeni.

Nilipomfikia nikaona sharubu zake zina weupe wa sukari. Nikamuuliza usiku alikuwa na kazi gani. Keki ya harusi, akasema, na shira yake nyeupe ya kupaka juu.

"Uliionja?"

"Nisipoonja nitajuaje imekolea?"

"Mara ngapi?"

"Acha hizo, ndugu yangu. Kuonja si kula."

Nikamshika mkono nikamrudisha ndani. Muuguzi alisikiliza, akajiuma mdomo asicheke, akamwambia arudi kesho.

Kesho yake alirudi mdomo mkavu, amekasirika kama aliyenyang'anywa mtoto. Sukari ilikuwa imeshuka, ila si ya mtu mzima wa afya. Muuguzi akasema ugonjwa bado haujaingia, lakini umeshapiga hodi. Apunguze vitamu, atembee, apimwe tena.

"Na kuonja?"

"Kuonja ni kula, baba."

Siku hizi shira inaonjwa na kijana wake anayepakia keki kwenye maboksi. Rafiki yangu anasimama mbele yake, anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, anamkodolea macho mpaka ameze.

"Vipi?"

"Iko poa."

Iko poa! Zamani watu walikuwa na maneno ya kuisemea keki. Anamwambia aonje tena.