Machipuko Yaliyoota Kuvu

Harufu ya kiatu kipya cha ngozi kilichoota kuvu haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Ndani yake kuna gundi, kuna maboksi yaliyolowa, kuna kitu kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye chupa, na juu ya yote kuna ule unyevu wa Guangzhou ambao mwezi wa tatu haungoji mvua, hutoka ukutani wenyewe. Kuta zinatoa jasho. Sakafu ya vigae inateleza kama imemwagiwa maji ya sabuni, kioo hakikuonyeshi uso, na nguo uliyoifua Jumatatu unaianua Ijumaa ikiwa bado mbichi na inanuka mbwa. Haya ndiyo majira ya machipuko. Siku hizi Watanzania wenzangu wanaosoma hapa hupiga picha chini ya misufi iliyochanua maua mekundu, wakatumiana na maneno matamu kuhusu mwanzo mpya. Mimi sipigi. Nina ugomvi na majira haya tangu nikiwa na miaka kumi, na sioni sababu ya kupatana nayo.

Tulifika hapa mimi na mama kutoka Dodoma, baba akiwa hajamaliza mwaka kaburini. Ndugu zake walikuwa wameichukua nyumba kabla hata matanga hayajaanuliwa, na mama akabaki na mimi na cherehani katika chumba cha kupanga Chang'ombe, palepale Dodoma. Dada yake mkubwa, Yustina, ambaye kwangu ni mama mkubwa, alikuwa ameishi China miaka mingi akinunua viatu na mikoba na kuwasafirishia wenye maduka huko nyumbani. Alikuja Krismasi ile ananukia manukato, akakaa kwenye kitanda chetu kwa sababu kiti hakikuwepo, akamwambia mama, "Esta, umelia vya kutosha. Njoo kwangu uanze upya. Mtoto atasoma shule ya Kiingereza." Mama akauza cherehani. Nakumbuka mnunuzi akiifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli, na mama amesimama mlangoni anacheka. Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia akicheka, kwa hiyo nikaamini kila neno, shule na mengine yote.

Mama mkubwa alitupokea uwanja wa ndege wa Baiyun. Hata hatujatoka nje akasema, "Leteni pasipoti niwatunzie, huku wezi wengi," akazitia kwenye mkoba wake na kuvuta zipu. Kisha tukapanda treni ya chini ya ardhi hadi mtaa wa Xiaobei, tukapanda ngazi hadi ghorofa ya sita. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa chake. Kingine kilikuwa cha maboksi ya viatu yaliyopangwa hadi darini, na katikati yake palikuwa na nafasi ya godoro moja, ndipo tulipolala. Dirishani niliona miti ya barabarani ikipukutisha majani, wakati kitabu changu cha darasa la nne kilisema miti ya nchi za baridi hupukutika mwisho wa mwaka na kuchipua mwanzoni. Nikamwuliza mama mkubwa kwa nini hapa majani yanaanguka wakati wa machipuko. Akasema ataniambia nikijua kunyamaza.

Shule ilikuwa mwezi ujao. Mwezi ujao ulipofika ikawa mwezi mwingine ujao. Wakati huohuo mama alipika ugali na samaki kwa wafanyabiashara waliokuja kula pale nyumbani, alifungasha mizigo, na alibeba mafurushi ya vifaa vya shule na midoli kutoka maduka ya jumla ya Yide Lu, akipanda nayo ngazi zile huku khanga yake imelowa mgongoni. Mimi nilifuta sakafu iliyokataa kukauka. Neno la kwanza la Kichina nililolijua ni lile wanalokujibu wenye maduka wakiwa hawana unachotaka, "meiyou", yaani hakuna. Mama mkubwa alilipenda neno hilo. Nikimwuliza habari za shule alinijibu kwalo, bila kuinua macho kwenye simu yake.

Jambo lililonifungua macho lilikuwa dogo. Walikuja wateja watatu kutoka Tanzania, na mama alipowawekea maji ya kunawa, mmoja akauliza huyu ni nani. Mama mkubwa akajibu, "Huyu ni dada tu." Wageni wakanawa. Kwa asiyewajua, jibu hilo lingepita. Lakini mama ndiye mdogo, na maisha yake yote Yustina alimwita mdogo wangu. Dada wa namna ile, dada tu, ni yule anayelala jikoni na kuosha vyombo vya watu. Mama alisimama na jagi mkononi mpaka maji yakaanza kumwagikia miguu ya mgeni. Jioni nilimwona anakunja nguo zetu chache, anazikunjua, anazikunja tena.

Kisha mama mkubwa akasafiri kwenda mji wa Yiwu na wateja, akatuachia nyumba na viatu ambavyo vilikuwa tayari vya mteja mmoja wa Kahama, vikisubiri kontena. Aliondoka mwanzoni mwa unyevu mkali. Siku ya pili ukuta wa chumba chetu ulikuwa unachuruzika, na mama akafanya ambacho mtu yeyote wa Dodoma angefanya. Kwetu kitu kikilowa unafungua madirisha, upepo unaingia, saa moja baadaye kimekauka kama kuni. Akayafungua yote. Akafungua na maboksi, viatu navyo vipate hewa. Kwenye dirisha la jengo la pili, karibu kiasi kwamba ungeweza kuwarushia chungwa, akatokea bibi mmoja wa Kichina, akaanza kutupigia kelele na kupunga mikono kama anafukuza kuku. Mama alimtazama kitambo. Alikuwa ameshachoka kutukanwa na watu. Akamjibu kwa Kigogo, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na yule bibi akazidi kupiga kelele, na mama naye akazidi, wanawake wawili wakifokeana juu ya uchochoro bila hata mmoja kuelewa neno la mwenzake. Kesho yake bibi alirudi tena dirishani. Tulimpa mgongo.

Sasa najua alichokuwa anasema. Kila anayeishi hapa anajua: unyevu ule unatoka nje, unaletwa na upepo wa kusini, na ukifungua dirisha unaukaribisha ndani. Unafunga kila kitu na kungoja hali ya hewa igeuke. Mama mkubwa alijua hilo kuliko sisi sote, na hakutuambia.

Aliporudi, viatu vilikuwa vimeota kuvu nyeupe, na vingine vilianza kuwa vya kijani. Alishika kimoja, akakinusa, akakitupa ukutani.

"Umeniua," alisema. "Nimekuokota jalalani nikakuleta mjini, na shukrani yako ni hii."

"Hukuniambia madirisha yafungwe," mama alisema.

"Kwani wewe mtoto? Umekuja kuanza maisha au kulelewa?"

"Hata dada wa kazi huelekezwa kazi, Yustina. Mimi hukunielekeza hata hiyo."

Ndipo nilipojua kwamba mama alikuwa amelibeba lile neno siku zote hizo. Mama mkubwa akasema hatutatoka katika nyumba ile wala kuziona pasipoti mpaka kila kiatu kiwe kama kilivyotoka kiwandani. Basi mama akakaa chini katikati ya maboksi na kitambaa na siki, akafuta. Mimi nilimpokeza, na vidole vyangu vikachunika kwa siki. Mama mkubwa alipita juu yetu kwenda bafuni bila kutazama chini. Hatukusikika tukisema chochote zaidi ya lete na weka. Nilimchukia mama mkubwa kwa namna ambayo mtoto hapaswi kujua kuchukia, taratibu, kiatu kwa kiatu, na sina hakika kama nimewahi kumaliza.

Mteja wa Kahama alikuja asubuhi moja kukagua mzigo wake kabla haujapakiwa. Tulimwita Mama Koku, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, mwenye duka la viatu. Viatu vilikuwa vinang'aa. Mama mkubwa alikuwa amevipaka rangi na kunyunyizia manukato yake, na alikuwa anacheka sana asubuhi ile. Mama Koku akageuza viwili vitatu, akaridhika, akaketi. "Dada," alimwambia mama, "naomba chai."

Mama akaleta chai, akaiweka mbele yake. Kisha hakuondoka.

"Mama Koku, chukua kiatu chochote," alisema. "Ingiza mkono mpaka kwenye vidole, halafu unuse."

Mama mkubwa alimwambia aende jikoni. Mama hakwenda. "Viliota kuvu vyote," alisema. "Nimevifuta juu juu kwa mikono yangu. Vikifika Kahama vitakuwa vimeota tena."

Mama Koku akamgeukia mwenyeji wake. "Yustina, huyu dada anasema nini?"

"Mimi si dada," mama alisema. "Mimi ni mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja. Mwulize mwenyewe."

Mama mkubwa hakuulizwa. Alitangulia kusema, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba mdogo wake alichanganyikiwa tangu afiwe na mume, na kwamba amemleta huku kwa matibabu. Nadhani uongo ule ndio uliomwangusha, kwa sababu dakika moja kabla hakuwa na mdogo. Mama Koku alimtazama mama, akanitazama mimi na vidole vyangu, kisha akaingiza mkono kwenye kiatu kilichokuwa karibu. Alipoutoa akanusa, akaufuta kwa leso kidole kimoja kimoja. "Sivichukui," alisema.

Niliowasimulia habari hii huniambia mama alikuwa mkweli na jasiri. Hawamjui. Siku ile hakuwa na habari na ukweli. Alitaka kumchoma dada yake pale patakapomwuma, na kwa kuwa Yustina alikuwa na biashara tu, alimchoma kwenye biashara. Nilikuwepo, nilimwona uso. Nami nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Mama mkubwa aliingia chumbani kwake, akatoka na pasipoti zetu, akazitupa sakafuni kwenye maji. "Nisiwaone tena," alisema. Mama aliziokota, akazikausha kwa khanga, akanishika mkono. Mama Koku alikuwa bado yuko kwenye ngazi, anashuka taratibu kwa sababu ya magoti yake, na tukamkuta ghorofa ya tatu. Hakutuuliza maswali. Alitulaza katika chumba chake cha hoteli mpaka tulipobadilishiwa tarehe ya tiketi zetu za kurudi, na kila asubuhi alimwita mama kwa jina lake, Esta, kwa makusudi.

Tulirudi Dodoma bila cherehani, bila chumba, na mimi nikarudishwa darasa la nyuma. Mama alishona kwa mashine ya kuazima kanisani, kwa miaka mingi. Yeye na dada yake hawakusemeshana tena. Bibi yangu, mama yao, alipofariki walikaa msibani kwenye mikeka miwili tofauti, na waombolezaji wakajifunza kupita katikati.

Sasa mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapahapa, kwa ufadhili, na nimekaribia umri aliokuwa nao mama wakati ule. Pasipoti yangu iko kwenye droo yangu na ufunguo wa chumba ni wangu. Hakuna anayeniahidi shule mwezi ujao. Ningeweza kusema nimeshinda, ila kila mwaka mwezi wa tatu ukutani yakianza yale matone, mdomo wangu unakauka na ninaanza kugombana na watu ambao hawajanikosea.

Mwaka huu nilikutana naye. Ilikuwa kwenye treni ya kwenda Pazhou, nakwenda kuwatafsiria wateja kwenye maonyesho ya biashara. Alikuwa ameketi na mfuko wa plastiki mapajani, nywele nyeupe zimechomoza chini ya kilemba. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeandaa maneno ya siku hiyo, makali, yamepangwa. Nikafungua mdomo ukatoka, "Shikamoo mama mkubwa." Ni malezi tu, na niliukasirikia mdomo wangu.

"Marahaba," alisema, kama anayepokea chake. Alinitazama muda. "Wewe ni wa Esta." Nikasema ndiyo. Nikangoja aulize mama anaendeleaje, au mimi nafanya nini huku, au hata tu kama nimekula. "Yule wa Kahama hakurudi tena," alisema. "Na akawaambia wengine." Treni ilisimama, akanyanyuka kwa kushikilia bomba, akashuka. Hakuniaga, nami sikumuaga.

Usiku nilimpigia mama. Nilimweleza nimekutana na nani na ameniambia nini. Nikasikia redio ya jirani yake.

"Amezeeka?" mama aliuliza.

"Amezeeka."

"Sana?"

"Sana, mama. Anatembea kwa kushikilia vitu."

"Vizuri," alisema, kisha akaniuliza kama huko mchele umepanda bei.