Siku Mama Mkwe Aliponiwekea Mkono Kichwani

Hii aibu nimekaa nayo mwaka mzima, lakini kwa kuwa Malaba yote inaijua na kila mtu anaisimulia akiongeza chumvi yake, heri niwaambie mwenyewe, na mkitaka kucheka chekeni, mimi nilishazoea.

Mimi ni Etyang, nawajazia madereva wa malori fomu za mpakani, na ukiniona na kalamu mfukoni utadhani nilisoma mpaka nikachoka. Ukweli ni kwamba kidato cha nne nilipata D plus (Hesabu nilipata E, na kama kungekuwa na kitu chini ya E ningekichukua). Sasa mimi tangu utotoni nilitaka kuwa mwalimu, na chuo cha ualimu kinataka C plain, hakitaki hadithi, kwa hivyo nikiwa na miaka thelathini na mbili, upara umeshaanza kubisha hodi, nikajiandikisha kurudia mtihani kama private, yaani mtu anayekuja kufanya mtihani tu bila kukaa darasani na watoto.

Mke wangu Nabwire alijua. Asiyejua ni mama yake. Siku ya mahari kule Rukala, mama mkwe aliuliza kupitia kwa shangazi (kwetu mtu na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja anatafuta upande wake wa kupitia) kama kijana amesoma, nami nikajibu kwa kifua mbele ya wazee wote, "C plus, na chuo kinaningoja." Chuo hicho kimeningoja miaka sita. Nabwire hakuchoka kuniambia, "Baba Apio, mwambie mama ukweli kabla hajausikia kwingine," nami namjibu nitamwambia nikishapata hiyo C, kwa maana nilimwogopa yule mama kuliko nilivyoogopa Hesabu.

Basi nikachagua kufanyia mtihani mbali na nyumbani, shule moja ya upande wa Nambale ambako hata mbwa hanijui. Mwezi wa kumi nikaenda kuchukua ratiba, kazi ya dakika tano, nikakuta ni siku ya maombi ya watahiniwa, mahema yamesimama, wazazi wamevaa vizuri, na pilau inanukia mpaka barabarani. Hapo ndipo nilipokosea. Ningechukua karatasi yangu nikapanda boda nikaenda zangu, lakini tumbo likaniuliza, Etyang, kwani wewe si mtahiniwa?

Nikaenda jikoni. Mama wa stoo akanizuia mlangoni na mwiko.

"Boss, hii chakula ni ya wazazi na wenye sweta ya shule. Sasa wewe ni gani?"

"Mimi ni mtahiniwa."

Akanitazama kichwa, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akanitupia sweta iliyosahauliwa na mtoto fulani, ambayo mikono yake iliniishia kwenye viwiko na tumbo ikaliacha nje. Nikaivaa. (Ndiyo, nikaivaa, msiniangalie hivyo.) Kabla sijapata sahani, mwalimu mmoja akaona sweta tu, hakuona sura, akanisukuma, "Candidates wote mbele! Mbele haraka!" na ghafla nikajikuta nimepiga magoti katikati ya watoto wa miaka kumi na saba.

Pasta akatuambia tufumbe macho, wazazi waje wawawekee watoto wao mikono, na asiye na mzazi asijali, kwa kuwa wamama wa kanisa wamealikwa kutoka mbali na watasimama badala yake. Mimi nikafumba. Nikasikia viatu vikija, mkono mzito ukatua kichwani, na mama akaanza kuomba kwa sauti.

"Bwana, huyu mtoto mama yake hakufika. Leo mimi ndiye mama yake."

Sauti ile niliijua kutoka Rukala. Nikainamisha kichwa zaidi, naye akakishika kwa mikono miwili, akapapasa, akafika pale penye upara.

"Bwana, angalia, masomo imemmaliza mpaka nywele! Mhurumie!"

Ningeweza kuponea hapo, kweli ningeweza, kama pasta asingepita na maikrofoni akitaka kila mtahiniwa ataje jina lake na gredi anayoitaka mbele ya Mungu na wazazi. Akanifikia. Nikafikiria kusema mimi ni Yohana, lakini kumdanganya Mungu na mama mkwe kwa mpigo mmoja nikashindwa.

"Etyang," nikasema. "C plain."

Mikono ikasimama.

"Etyang wa wapi?"

"Wa Malaba, mama."

"Si ulituambia uko na C plus?"

Maikrofoni ilikuwa bado mdomoni mwangu, hema lote likasikia. Kisha akakumbuka ameshika nini. "Woi! Nimeshika mkwe kichwa!" Akaruka nyuma, akakaa juu ya mapaja ya mwenyekiti wa wazazi, huku akijipangusa mikono kwa leso kama aliyeshika makaa. Nikatimka na sweta ya watu, bila pilau, nikaambiwa baadaye nipeleke kuku Rukala wa kusafisha ule mkono.

Kilichoniuma si kicheko. Ni Nabwire, ambaye hakucheka hata kidogo. "Mama ameniuliza kama na mimi nilijua," akasema. "Ningemjibu nini?" Hapo nikaona haya kweli kweli kuliko pale hemani.

Mtihani nikafanya. Nilipata C minus, nimebakisha hatua moja, na mwaka huu narudia tena, safari hii madereva wote wanajua na kila asubuhi wananisalimia, "Mwalimu, C imefika?" Na sweta ya mtu sivai tena, hata pilau inukie mpaka Uganda.

Juzi Nabwire ameniletea kadi ya kunitakia mema kutoka kwa mama yake, ile ya maua ambayo watu huwaandikia watoto wao wapate A. Ndani ameandika: "Mkwe, mara hii naomba nikiwa Rukala, mikono nimeweka mfukoni. Ile siku sikuwa nimemaliza maombi."